Wamarekani wanavipenda vyama vya wafanyakazi. Mbona havina watu?

Desemba 9, 2021, mjini Buffalo katika jimbo la New York, vijana wauza kahawa walijazana kwenye chumba kimoja wakitazama kura zao zikihesabiwa kwenye skrini. Ofisa wa serikali alichukua karatasi moja, akaisoma, akaiinua mbele ya kamera, akaiweka kando, akachukua nyingine. Kura zenyewe zingeweza kuwa za kumchagua monita wa darasa: 19 za ndiyo, 8 za hapana. Ilipofika ile ya kutosha kushinda, chumba kililipuka kwa vifijo na watu wakakumbatiana wakilia. Starbucks wakati huo ilikuwa na maduka yapatayo 9,000 Marekani inayoyaendesha yenyewe. Duka la barabara ya Elmwood, lenye wapiga kura wasiofika 30, likawa ndilo pekee lenye chama cha wafanyakazi.

Habari ikaenea, na maduka mengine yakafuata, hadi yakapita 500. Hata hivyo, mwaka 2025 ulikwisha pasipo duka hata moja kati ya hayo kupata mkataba. Miaka minne ya kushinda kura, na mshahara wa yule kijana wa Buffalo ulikuwa bado unapangwa na mwajiri peke yake, kama zamani.

Nimeanza na kahawa kwa makusudi. Maelezo tuliyoyazoea kuhusu kuanguka kwa vyama vya wafanyakazi vya Marekani ni kwamba viwanda vilihamia China na Mexico, mashine zikachukua kazi zilizobaki, basi. Kuna ukweli ndani yake: ajira za viwandani zilifika kilele mwaka 1979 kwa watu zaidi ya milioni 19, na leo ni kama milioni 13. Lakini kahawa ya asubuhi ya mtu wa Buffalo haiwezi kumiminwa Shanghai. Kazi ipo palepale, wafanyakazi wapo, wanataka chama, wamepiga kura na kushinda. Kinachowakwamisha ni kingine.

Tuziweke hesabu mezani. Katikati ya miaka ya 1950, karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila watatu alikuwa mwanachama. Mwaka 1983 walikuwa asilimia 20.1. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 9.9, yaani watu milioni 14.3, na ukiondoa watumishi wa serikali ukabaki na kampuni binafsi peke yake, ni asilimia 5.9. Sasa geuza upande wa pili. Taasisi ya Gallup imekuwa ikiwauliza Wamarekani tangu miaka ya 1930 kama wanaviunga mkono vyama hivi. Mwaka 2009 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 48, kiwango cha chini kuliko vyote. Mwaka 2024 walikuwa 70. Kitu kinachopendwa na watu saba kati ya kumi, na mmoja tu kati ya kumi ndiye anacho. Angekuwa ni mgombea, tungesema kura zimeibwa.

Kuelewa wizi huo, kama ni wizi, lazima kwanza tuuone mlango wa kuingilia. Mwalimu wa Tanzania akipangiwa shule ya Namtumbo au Muleba anakikuta Chama cha Walimu kimeshafika kabla yake. Kipo nchi nzima, na asilimia 2 ya mshahara inakatwa kabla hajazoea njia ya kwenda sokoni. Marekani mambo hayaendi hivyo. Pale chama huanza sifuri katika kila eneo la kazi. Wafanyakazi wa duka hili wakusanye saini za angalau asilimia 30 yao, wazipeleke kwa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, Bodi ipange siku ya kura, wapate zaidi ya nusu. Wa duka la mtaa wa pili, kampuni ileile, kahawa ileile, nao waanze upya. Wakishashinda, sheria inamtaka mwajiri akae mezani kujadiliana kwa nia njema. Haimlazimishi kukubali chochote. Anaweza kukaa mezani mwaka mzima akisema "tutalitazama", na bado akawa anajadiliana.

Mlango huu ulijengwa mwaka 1935. Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria inayojulikana kwa jina la seneta Robert Wagner, na mfanyakazi wa kampuni binafsi akapata ulinzi wa serikali kuu akijiunga na chama. Si kila mfanyakazi. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje, na kule Kusini hao ndio waliokuwa Weusi wengi. Wanasiasa wa Kusini hawakuwa tayari kuona mchuma pamba akijadiliana na mwenye shamba. Hawajaingizwa mpaka leo.

Sheria ilikuwa karatasi. Iliyoitia nguvu ni Flint, Michigan. Desemba 30, 1936, wafanyakazi wa General Motors waligoma, ila badala ya kutoka nje walikaa ndani. Walilala juu ya viti vya magari ambayo hawakuyamaliza, wakapikiwa na wake zao na kupitishiwa vyakula madirishani. Polisi walipofyatua gesi ya machozi Januari 11, wanawake walipenya katikati yao kwenda kusimama na wagomaji. Siku 44. Ujanja wa kukaa ndani ni mwepisi kuuelewa: ukiwa umekalia mashine, mwajiri hawezi kumweka mtu mwingine aiendeshe. Februari 11, 1937, General Motors, kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani, ikakubali kukitambua UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari.

Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja, na waliofunga wa kwanza ni majaji. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ilisema mwajiri hawezi kumfukuza mgomaji kwa sababu ya kugoma, lakini anaweza kumpa mtu mwingine nafasi yake moja kwa moja. Kama huoni tofauti, hujakosea. Mgomaji mwenyewe naye haioni. Mwaka uliofuata, kugoma kwa kukaa ndani kukaondolewa kinga ya sheria. Mwaka 1947, Bunge likapitisha sheria ya Taft-Hartley, Rais Truman akaikataa, Bunge likaipitisha juu ya kukataa kwake. Mambo mawili ndani ya sheria hiyo yanauma hadi leo. La kwanza, ilipiga marufuku wafanyakazi wa kampuni moja kugoma kuwaunga mkono wa kampuni nyingine. La pili, iliruhusu kila jimbo kutunga sheria ya kumwezesha mfanyakazi kunufaika na mkataba wa chama bila kukilipa hata senti.

Hilo la kwanza linaonekana vizuri ukitazama Sweden. Oktoba 2023 mafundi wa Tesla kule, watu wapatao 130 tu, waligoma wakitaka mkataba wa hali bora, kama tunavyouita Tanzania. Watu 130 mbele ya Elon Musk ni sisimizi mbele ya tembo. Lakini wapakuaji wa meli bandarini wakagoma kushusha magari ya Tesla. Watu wa posta wakakataa kupeleka namba za magari mapya. Mgomo haukumpigisha Musk magoti haraka, ila ulimkera miezi na miezi, na chama hakikuvunja sheria yoyote. Marekani, yule mtu wa posta angepelekwa mahakamani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sheria ya mwaka 1947 iliagiza kila kidole kikae peke yake.

La pili nitalieleza kwa shemeji yangu. Yeye ni mtu wa Bukavu, alipitia kambini, akaletwa Marekani, na sasa anakata nyama kiwandani huko Iowa, jimbo lililojitungia sheria hiyo mwaka uleule wa 1947. Wiki ya kwanza kazini alipewa fomu ya kujiunga na chama. Ilikuwa ya Kiswahili, alisema, lakini Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine. "Chama" humo kilikuwa "muungano", naye akadhani anaozeshwa. Akanipigia.

"Nisipolipa watanifukuza?"

Nikamwambia hawawezi.

"Na mwaka ujao wenzangu wakiongezwa, mimi nitaachwa?"

Hapana, mkataba unamhusu kila mtu. Sheria inakilazimisha chama kumtetea hata asiyelipa.

"Sasa nilipe ya nini, shemeji?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hapo ndipo ilipo nguvu ya sheria hizo. Wanazipa jina zuri, "haki ya kufanya kazi", na majimbo 26 yanazo. Hazivunji chama. Zinakiacha kiishi kwa michango ya wenye moyo, wakati kazi zake zinawahudumia wote, hadi siku moja hakina fedha ya kulipa wakili. Shemeji alikaa miezi minane bila kulipa. Kifundo cha mkono kilipovimba, msimamizi akamwambia arudi nyumbani bila malipo. Mwakilishi wa chama, mama mmoja Msomali, ndiye aliyemwandikia fomu ya ajali na kumsindikiza ofisini. Wiki hiyo akatia saini. Sisemi kila mtu huona mwanga hivyo. Wenzake wengi hawajatia mpaka leo.

Hata namna alivyofika kwenye meza ile ya nyama ina historia yake. Kukata nyama kuliwahi kuwa kazi ya heshima ya kipato, yenye mshahara unaozidi wastani wa viwanda vingine. Mwaka 1984, kiwanda cha Hormel mjini Austin, Minnesota, kilishusha ujira kutoka dola 10.69 kwa saa hadi 8.25, ilhali kampuni ilikuwa inapata faida. Wafanyakazi wapatao 1,500 wakagoma Agosti 1985. Januari gavana akaleta askari, kiwanda kikafunguliwa kwa wafanyakazi wapya, na makao makuu ya chama chao wenyewe yakawageuka na kulichukua tawi kwa nguvu. Kushindwa kwa namna hii kulirudiwa kiwanda baada ya kiwanda. Ujira ukaanguka, kasi ya mkanda ikapanda, wazaliwa wa pale wakaondoka, na kampuni zikaanza kutafuta watu wasio na pengine pa kwenda: Wamexico kwanza, kisha wakimbizi wa Sudan, Somalia, Burundi na Kongo. Ndiyo maana leo ukisimama nje ya viwanda kadhaa vya nyama vya katikati ya Marekani zamu ikitoka, utasikia Kiswahili.

Hormel iliwezekana kwa sababu ya jambo lililotokea miaka minne kabla. Agosti 3, 1981, waongoza ndege wapatao 13,000 waligoma. Walikuwa watumishi wa serikali kuu, na kisheria hawakuruhusiwa. Wala hawakuwa wakorofi wa mrengo wa kushoto; chama chao kilimpigia debe Ronald Reagan mwaka uliotangulia. Reagan akawapa saa 48 warudi kazini, na zilipokwisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Ndege ziliendelea kuruka. Waajiri wa kampuni binafsi walikuwa na ruhusa ya kuweka watu wapya tangu mwaka 1938, lakini wengi waliiona aibu. Rais alipofanya mchana kweupe na wananchi wakampigia makofi, aibu ikaisha. Mwaka 1974 kulikuwa na migomo mikubwa 424, ile ya watu 1,000 au zaidi. Mwaka 2009 ilikuwa 5. Chama kisichoweza kugoma ni mbwa asiye na meno, na mwajiri anajua.

Kwa nini waajiri wa Marekani wapambane hivyo, wakati wa Denmark au Sweden wanakaa na vyama bila kelele nyingi? Siamini kwamba wana roho mbaya zaidi. Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye mkataba wa mwaka 1950 ambao General Motors iliwekeana na UAW, uliopachikwa jina la Mapatano ya Detroit. Ulikuwa mkataba mnono: pensheni, bima ya afya, mshahara unaopanda na gharama za maisha. Walter Reuther, rais wa UAW, alitaka vitu hivyo vitolewe na serikali kwa kila Mmarekani. Serikali haikutoa, akavichukua kwa mwajiri. Wanachama wake wakaishi vizuri, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Lakini gharama ikawa mgongoni mwa kampuni yenye chama. Sweden, mkataba unahusu sekta nzima, kila mshindani anabeba mzigo uleule, hakuna anayepunjwa. Marekani, General Motors ilibeba pensheni, na kampuni ya kigeni iliyofungua kiwanda Tennessee au Alabama, kwenye jimbo lisilo na vyama, haikubeba. Mwajiri mwenye chama anajiona yeye peke yake ndiye anayelipa ushuru sokoni. Mfumo wa kujadiliana duka kwa duka humfanya kila mwajiri awe na sababu ya kufa akipinga.

Na njia za kupinga zipo tele. Kuna washauri wanaolipwa kwa kazi hii tu. Wafanyakazi huitwa kwenye mkutano wa saa za kazi kuelezwa ubaya wa chama. Kwa miongo mingi aliyekataa kuhudhuria angeweza kuadhibiwa. Mwanzoni mwa 2021, wafanyakazi wa ghala la Amazon huko Bessemer, Alabama, walikuta matangazo ya kupinga chama hata chooni. Lakini silaha kubwa ni muda. Tuseme kampuni imemfukuza kinara wa wafanyakazi. Ni kosa. Kesi inazunguka miaka miwili, inaamuliwa arudishwe na alipwe alichokosa, dola 60,000 kwa mfano. Lakini kwanza zinaondolewa alizopata kwingine. Kama katika miaka hiyo aliosha magari akapata 45,000, kampuni inatoa 15,000 na riba kidogo. Faini ya kumwadhibu haimo kwenye sheria. Kwa kampuni kubwa hiyo si adhabu, ni nauli. Na wakati kesi inazunguka, wenzake pale kazini wamejifunza kinachompata mtu anayenyanyua mkono, na nusu yao wameshahama kazi. Duka la kahawa hubadilisha watu kama daladala inavyobadilisha abiria; waliopiga kura hawapo tena siku mkataba unapojadiliwa.

Atakayesema bado ni utandawazi, mwonyeshe Kanada. Miaka ya 1960 nchi hizi mbili zilikuwa karibu sawa, wanachama kama asilimia 30 ya wafanyakazi katika kila moja. Zilitengeneza magari yaleyale, zikaingia mikataba ileile ya biashara, zikapitia mashine zilezile. Kanada leo ingali karibu na asilimia 30. Kule, katika baadhi ya majimbo, saini za wengi zinatosha bila kampeni ya kura. Ambako kura hupigwa, hupigwa ndani ya siku chache. Mkataba wa kwanza ukikwama, mwamuzi anaweza kuuandika. Quebec ilikataza kuweka watu mahali pa wagomaji tangu mwaka 1977. Tofauti ya nchi hizo mbili ni sheria tu.

Nisivitakase vyama vyenyewe, maana vilijichimbia shimo kwa mikono yao. Jimmy Hoffa wa chama cha madereva, Teamsters, alicheza na fedha za pensheni na majambazi wa Mafia hadi alipotoweka Julai 1975, na hajaonekana hadi leo. Hivi karibuni tu, marais wawili wa zamani wa UAW walifungwa kwa kula fedha za wanachama. Mbaya zaidi ilikuwa rangi. Vyama vingi vya mafundi viliwafungia nje Weusi kwa miongo mingi. A. Philip Randolph alilazimika kuunda chama cha wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala mwaka 1925, na ikamchukua miaka 12 kupata mkataba na kampuni ya Pullman. Mwaka 1946 vyama vilianzisha kampeni ya kuiteka Kusini ikashindwa, moja ya sababu ikiwa woga wa kuligusa suala hilo. Kusini isiyo na vyama ndiyo baadaye ikawa kimbilio la viwanda.

Watu wa upande ule wa Randolph tuliwajua sisi. Maida Springer, mshona nguo Mweusi wa Harlem aliyepanda hadi uongozi wa chama, alimpokea na kumsaidia Julius Nyerere alipokwenda New York kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1955, akaja baadaye kufanya kazi na vyama vya Tanganyika na Kenya. Tom Mboya alipozuru Marekani mwaka 1956, alirudi na ahadi ya fedha za shirikisho la AFL-CIO, zilizosaidia kujenga Solidarity House jijini Nairobi. Vita Baridi vilikuwamo ndani, hakuna aliyetoa bure. Lakini zamani hizo chama cha Marekani kilikuwa na fedha za kuwajengea wengine nyumba.

Ngome iliyobaki ni utumishi wa umma, ambako mwaka 2024 asilimia 32.2 walikuwa wanachama: walimu, wazima moto, wauguzi, wazoa taka. Hao walijiunga kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, na Martin Luther King aliuawa Aprili 4, 1968 akiwa Memphis kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na lori bovu. Serikali haiwezi kuhamia Mexico, ndiyo maana ngome ilidumu. Lakini inaweza kubadilisha sheria. Wisconsin, jimbo la kwanza kuwapa watumishi wa umma haki ya kujadiliana mwaka 1959, iliwanyang'anya wengi wao mwaka 2011. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilifanya kila mtumishi wa umma nchini awe kama shemeji: alipe akitaka. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kufuta majadiliano ya pamoja katika idara nyingi za serikali kuu, akitaja usalama wa taifa. Kabla ya hapo, Januari, alikuwa amemfukuza mjumbe mmoja wa ile Bodi, ikabaki na wajumbe wasiotosha kufanya uamuzi. Kesi zilizokwisha kuchukua miaka zikakaa zikisubiri kikao.

Je, kuna kesho? Ipo, ila sidhani itatoka Washington. Muswada wa kurekebisha sheria, uliokuwa na faini za kweli kwa waajiri, ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2020 na tena 2021, ukafia Seneti inakohitajika kura 60 kati ya 100 kumaliza mjadala. Mageuzi ya 1978 nayo yalifia hapohapo. Na mwaka 2022, wafanyakazi wa ghala la Amazon huko Staten Island walipoishinda kampuni kwa kura 2,654 dhidi ya 2,131, bila chama kikubwa nyuma yao, dunia ilishangilia, mkataba hawakuupata. Ushindi wa aina hii unatia moyo, lakini ni kuteka maji kwa kikapu mpaka mfumo wa duka kwa duka ukwepwe.

Ninakotazama mimi ni kwenye majaribio ya kuukwepa. California iliunda baraza la kupanga ujira wa migahawa mikubwa ya chakula cha haraka, na kuanzia Aprili 2024 kima cha chini kikawa dola 20 kwa saa, McDonald's na washindani wake kwa mpigo. Hakuna mwenye mgahawa wa namna hiyo anayeweza kulia kwamba ameonewa peke yake. Massachusetts, wapiga kura waliamua Novemba 2024 kwamba madereva wa Uber na Lyft wanaweza kujiunga na kujadiliana na kampuni zote pamoja, na California ikafuata mwaka 2025. Miongoni mwa madereva hao ni ndugu zetu wengi, kwa hiyo hii si habari ya mbali. Karibu na Minneapolis, Wasomali wa ghala la Amazon walianza kudai muda wa sala na kupunguziwa kasi mwaka 2018, kupitia kituo chao cha Awood, bila hata kura ya Bodi, na wasimamizi wakakaa nao chini.

Na wapo wa njia ya zamani, ya kugoma. UAW, baada ya rushwa ile, ililazimishwa kuwauliza wanachama kama wanataka kumchagua rais wao moja kwa moja; wakakubali, na mwaka 2023 wakamchagua Shawn Fain. Miezi sita baadaye akaigomea General Motors, Ford na Stellantis kwa pamoja, kiwanda hiki leo, kile wiki ijayo, kampuni zisijue pigo linaangukia wapi. Joe Biden akaenda kusimama na wagomaji, rais wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo. Wakapata nyongeza ya mshahara ya asilimia 25 kwa miaka minne na nusu. Aprili 2024, kiwanda cha Volkswagen cha Chattanooga, Tennessee, kilichokuwa kimekikataa chama mara mbili, kikakikubali kwa asilimia 73. Mwezi uliofuata Mercedes ya Alabama ikakataa. Kusini haijafunguka, imepata ufa.

Lililonivutia zaidi kwenye mikataba ile ya Fain ni tarehe ya kuisha. Mei Mosi, ambayo sisi tunaiadhimisha kwa fulana na mabango na kusubiri kusikia rais atasema nini kuhusu mishahara, ilizaliwa Chicago mwaka 1886, kwenye mgomo wa kudai saa nane za kazi. Marekani yenyewe haina sikukuu hiyo. Serikali iliwapa wafanyakazi Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mikataba ya UAW inaisha Aprili 30, 2028, usiku wa kuamkia Mei Mosi, na Fain ameviomba vyama vingine vipange mikataba yao iishe usiku huohuo. Kugoma kwa ajili ya mwenzako ni marufuku tangu 1947. Lakini hakuna sheria inayozuia mikataba ya watu wengi kuisha siku moja.